Gharama Ilipwe na Nani?

 

Mwaka 1542 merikebu ya Wareno iliyokuwa ikielekea Goa ilitia nanga hapa Malindi. Ndani yake alikuwamo padri Mjesuiti, Francis Xavier, ambaye baadaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Alikaa siku chache tu, akamzika mtu mmoja aliyefia safarini, na alipofika Goa akaandika barua kueleza aliyoyaona njiani. Humo anasimulia kwamba mtu mkubwa wa mji huu, Mwislamu, alimwuliza swali. Alitaka kujua kama Wakristo huko kwao huhudhuria nyumba zao za ibada, na kama husali kwa moyo. Maana hapa, akasema yule mzee, ibada imepoa: mji una misikiti 17, na inayopata watu ni mitatu tu. Jibu alilolitoa Xavier halikuwa la mgeni mwenye adabu, nami sitalirudia. Lakini swali lenyewe nalipenda mno. Mzee yule hakujali habari za Utatu wala za Papa. Alitaka kujua kama dini hii inamgharimu chochote yule anayeifuata.

Na leo hilo ndilo swali letu. Mtu akisema amemfuata Yesu, anadaiwa nini?

Yesu mwenyewe hakuficha bei. Ukisoma Luka sura ya 14 utakuta umati mkubwa unamfuata, naye badala ya kufurahia wingi wa watu anageuka na kuwaambia maneno ya kuwapunguza. Anayemfuata amweke mbele ya baba na mama, mbele ya mke na watoto, mbele ya uhai wake mwenyewe. Achukue msalaba wake. Na kabla hajaanza kujenga mnara, akae kitako apige hesabu, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka. Kwingine anamwambia kijana tajiri auze alivyo navyo awape maskini, na kijana anaondoka na huzuni yake na mali yake.

Najua siku hizi kuna mahubiri ya namna nyingine. Panda mbegu ya elfu tano uvune gari; tuma kwa namba inayopita kwenye kioo. Hiyo ni biashara, ina soko lake, na leo sina muda nayo. Nataka tubaki na yale maneno makali, kwa sababu sisi wa pwani hii hatuwezi tena kuyasoma kama tulivyoyasoma kabla ya Aprili 2023.

Unajua ninakoelekea. Shakahola.

Wengi wetu tumechoka kulisikia jina hilo. Watu wa Malindi wakienda Nairobi au Kisumu, wakitaja tu wanakotoka, wanaulizwa habari za msitu. Lakini kulikwepa katika mazungumzo ya ufuasi ni kumkwepa mgeni aliyekwisha keti sebuleni. Basi tulitazame, tena taratibu.

Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi Malindi. Mwaka 2003 alianzisha kanisa aliloliita Good News International. Alihubiri siku za mwisho. Alihubiri kwamba shule ni ya shetani, hospitali ni ya shetani, na Huduma Namba, ile namba ya usajili ya serikali, ni chapa ya mnyama. Mwaka 2017 alikamatwa kwa mambo ya watoto kutolewa shuleni, kesi ikaenda, ikaisha, akarudi mimbarini. Mwaka 2019 alifunga kanisa lake mjini, na wafuasi wakaanza kuhamia pori la Shakahola, eneo la Chakama, msitu unaokadiriwa kuwa wa ekari 800. Walitoka Malindi, Mombasa, magharibi ya Kenya, Nyanza. Waliuza nyumba na vyombo, wakaacha kazi. Wengine walikuwa na elimu na mishahara mizuri, kwa hiyo tusijidanganye kwamba ni ujinga wa watu wa bara ya Kilifi.

Machi 2023 polisi walipata habari za watoto wawili waliokufa kwa njaa wakazikwa kimyakimya. Mackenzie akakamatwa, akaachiliwa kwa dhamana. Katikati ya Aprili polisi wakaingia msituni, wakakuta watu mifupa mitupu. Baadhi wakafa kabla ya kufikishwa hospitali. Tarehe 21 Aprili ufukuaji ukaanza. Siku baada ya siku, mvua ikinyesha kazi inasimama, ikikatika inaendelea, mpaka mwisho wa mwaka hesabu ikapita miili 400. Wengi walikuwa watoto. Mkuu wa wapasuaji maiti wa serikali, Daktari Johansen Oduor, alieleza kwamba kilichowaua wengi ni njaa, lakini miili mingine ilionyesha watu walionyongwa, waliozibwa pumzi, waliopigwa. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilichunguza ikasema wazi kwamba dalili zilikuwako tangu 2017 na wenye mamlaka hawakuchukua hatua ya kutosha. Mapema 2024 Mackenzie na wenzake wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji, ya kuua bila kukusudia na ya ugaidi. Walikana. Hayo ni ya majaji, nami siyagusi.

Ninachotaka kukigusa ni hiki. Maneno yaliyotumika kuwapeleka watu msituni ni maneno yetu. Jikane. Acha yote. Mpende Bwana kuliko watoto wako. Funga na kuomba. Ulimwengu huu unapita. Hakuna hata moja ambalo mimi sijaliimba kanisani, wala wewe. Haikuletwa lugha ya kigeni ikapachikwa juu ya Biblia. Zilitwaliwa aya zilezile ambazo mama mzazi huzisoma Jumatano jioni kwenye jumuiya. Ndiyo maana sikubaliani na viongozi waliosimama haraka mbele ya kamera wakasema wale hawakuwa Wakristo, yakaisha. Hayajaisha. Kama maneno ni yaleyale, tunahitaji njia ya kupambanua ambayo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kuitumia.

Mimi nina moja. Sikuipata chuoni, mimi ni Mkristo wa viti vya nyuma. Nauliza tu: gharama inalipwa na nani?

Kulingana na upande wa mashtaka na walionusurika, huko msituni kulikuwa na utaratibu. Watoto wafunge kwanza mpaka wafe. Kisha wanawake. Kisha wanaume. Kiongozi awe wa mwisho. Sasa fungua Injili ya Yohana, usiku ule bustanini, askari wamekuja na taa na silaha. Yesu anatoka mbele, anauliza mnamtafuta nani, wanamtaja, anasema ndiye. Halafu anaweka sharti moja: kama ni yeye wanayemtaka, basi hawa wengine waachwe waende zao. Wa kwanza ni yeye. Waliobaki wanakimbia salama, mmoja mpaka nguo ikamtoka, anasema Marko. Ukiziweka safu hizo mbili ubavu kwa ubavu, huhitaji digrii ya theolojia. Moja inaanza na mtoto mchanga na kuishia kwa mchungaji. Nyingine inaanza na mchungaji na kuishia hapohapo.

Wahenga wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukimtazama mtu amebeba, mzigo wake unakuwa mwepesi machoni pako. Mhubiri anayehubiri mfungo wa siku 40 huku kuku anamngoja nyumbani, anauona msalaba wako kuwa usufi. Yesu aliwashtaki waandishi na Mafarisayo kwa jambo hilohilo: wanawafungia watu mizigo, wao wenyewe hawagusi hata kwa kidole.

Msikilizaji ataniuliza: na Ibrahimu je? Hakuambiwa amtoe mwanawe? Swali la haki. Aliambiwa, akapanda mlima, akainua kisu. Na hapo mkono ukazuiwa. Hadithi nzima imesimuliwa ili tufike pale ambapo Mungu anasema usimguse kijana. Mtu anayeisimulia akaishia kwenye kisu amekata kanda katikati. Na kuhusu watoto Yesu alisema waziwazi: atakayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, jiwe la kusagia shingoni na kilindi cha bahari vingemfaa zaidi. Sisi tunaoishi na bahari tunalielewa neno hilo vizuri kuliko watu wa Nairobi.

Basi ufuasi hauna gharama? Unayo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nchi hii yetu ya Wagiriama ina mtu aliyeilipa, na wengi hawamjui.

Turudi miaka ya 1870. Malindi wakati ule ilikuwa mji wa nafaka. Mtama na ufuta viliondoka hapa kwa majahazi kwenda Zanzibar na Uarabuni, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Waliotoroka waliitwa watoro. Walikimbilia bara, ndani ya misitu na nchi ya Wagiriama. Biashara hiyo haikuwa ya dini moja, nalisema ili jirani yangu Mwislamu asidhani namnyoshea kidole: Wareno Wakristo walinunua na kuuza watu katika pwani hii kwa muda mrefu, na wenyeji nao walikuwamo.

Huko bara kulikuwa na kikundi cha Wagiriama waliokuwa wamesikia Injili kutoka Rabai, kituo walichokianzisha Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann miaka ya 1840. Wazungu hawakuwa nao. Walijifunza kusoma, wakafundishana, wakafungua makazi mahali panapoitwa Fuladoyo. Mmoja wa viongozi wao aliitwa David Koi. Na pale Fuladoyo, mtoro akibisha usiku, alifunguliwa.

Fikiria maana yake. Mtoro ni mali ya mtu. Mwenye mali ana bunduki, ana jamaa Takaungu na Malindi, ana sheria upande wake. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907. Hata wamisionari wenyewe walikuwa wakisitasita. Waliogopa kugombana na wenye watumwa na kupoteza vituo vyao, kwa hiyo msimamo wa wakubwa ukawa watoro wasipokelewe. Nao Wagiriama hawa wa Fuladoyo, ambao hakuna jeshi la kuwalinda, wakawapokea. Wakaongezeka, wakafika mamia.

Mwaka 1883 David Koi aliuawa na watu waliokuwa wakiwadai watoro hao. Anakumbukwa katika Kanisa Anglikana la Kenya kama shahidi wake wa kwanza mzalendo. Watu wa Fuladoyo wakatawanyika, wengi wakakimbilia Rabai. Huko wakamkuta William Jones, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametolewa utumwani utotoni akalelewa India, akarudi pwani hii akawa mwalimu, na mwaka 1885 akawekewa mikono na Askofu Hannington. Jones alikuwa akiwapa watoro mahali pa kulala huku wakubwa wake wakinung'unika. Mambo yakapamba moto mpaka Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai. Historia ina mzaha wake: mkubwa wa Kampuni aliyelipanga jambo hilo jina lake lilikuwa George Mackenzie.

Weka Koi pembeni ya Shakahola. Wote wawili, yeye na mama aliyekwenda msituni, waliambiwa ufuasi unaweza kukugharimu uhai. Wote wawili walisadiki. Koi angeweza kuishi miaka mingi, akalima mahindi yake, akasali Jumapili, akafa kitandani. Alichotakiwa ni kutofungua mlango tu. Alifungua kwa ajili ya mtu asiyemjua, na mlango ulipogharimu damu, damu ilikuwa yake. Hakutafuta kufa. Hilo nalisisitiza. Katika ushahidi wa Kikristo wa kweli mtu hatafuti kifo; hutafuta jambo lingine kabisa, na kifo humkuta njiani. Hata Paulo, aliyesema anatamani kwenda kukaa na Bwana, aliamua kubaki kwa sababu watu walimhitaji. Na mlinzi wa gereza la Filipi alipochomoa upanga ajiue, ni Paulo aliyepiga kelele kutoka gizani asijidhuru.

Tuzungumzie mfungo, maana hapo ndipo watu wengi wamebaki na hofu. Najua washirika ambao tangu 2023 hawataki kusikia neno kufunga. Kwaresima ikifika wanacheka kwa wasiwasi. Kufunga ni jambo jema na la kale. Yesu alifunga, Waislamu majirani zetu hufunga mwezi mzima na jioni ukipita Shela ya Malindi unasikia harufu ya mahamri na viazi vya rojo mpaka wewe Mkristo unatamani kualikwa. Na ni sahihi hivyo: mfungo wenye afya una jioni. Yesu alipomaliza siku zake jangwani aliona njaa, na malaika wakaja wakamhudumia. Eliya alipolala chini ya mti akaomba afe, malaika hakumpongeza kwa imani yake. Alimgusa akamwambia aamke ale, akamwekea mkate na maji, tena mara mbili. Binti wa Yairo alipofufuliwa, watu wote wamepigwa na bumbuwazi, Yesu ndiye peke yake aliyekumbuka kwamba mtoto hajala. Akaagiza apewe chakula. Mimi sijaona mahali popote katika Injili ambapo Yesu anamkuta mtu ana njaa akamwacha nayo.

Na sasa nikwambie jambo linaloniudhi mpaka leo. Miaka ileile ambayo watu walikuwa wakiingia Shakahola, kaunti yetu ilikuwa katika ukame. Tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo. Ganze, Magarini, Kaloleni: mahindi yaliungua shambani, ng'ombe walidondoka, akina mama walitembea kutwa nzima kutafuta maji, wazee walipanga foleni kungoja maharagwe na unga wa msaada. Kulikuwa na njaa ya kutosha isiyotafutwa na mtu. Nabii Isaya, sura ya 58, anasema mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumkaribisha asiye na makao, kuzifungua nira. Hebu fikiria kama pesa zile zilizotokana na kuuza nyumba, pikipiki na mashine za kushona, zingenunua mahindi yakapelekwa Bamba. Wale wale waliokuwa tayari kuacha yote wangeacha yote, na kungekuwa na watoto waliookoka kwa ajili yao. Utayari ulikuwako. Hilo ndilo linaloumiza. Hawakuwa Wakristo vuguvugu hata kidogo. Walikuwa na bidii kunizidi mimi.

Bidii peke yake basi haitoshi, inahitaji macho. Matendo ya Mitume inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo, Paulo mwenyewe, kisha wakaenda nyumbani wakachunguza maandiko kila siku kuona kama ayasemayo ni kweli. Paulo hakukasirika. Siku hizi ukimwuliza nabii swali anakwambia usiguse watiwa mafuta. Mtu asiyetaka kuulizwa ana kitu anachokificha, awe mchungaji, awe chifu, awe mwenyekiti wa chama cha akiba. Mfuasi wa Yesu anatakiwa amtii Yesu, na kumtii Yesu mara nyingine kunakutaka usimame katikati ya ibada, umshike mtoto wako mkono, utoke nje. Itakugharimu. Utaitwa mwasi, utakosa marafiki, pengine mumeo atabaki ndani. Huo nao ni msalaba, tena mzito.

Na akikwambia usimpeleke mtoto hospitali, huna haja hata ya kuchunguza maandiko. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Wengine watadhani mambo haya yamekwisha. Hayajakwisha. Mwaka 2025, kuanzia Julai, makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, hukohuko Chakama, na miili zaidi ya 30 ikatolewa. Pori lina mizizi, nayo inarudi kuchipua pale ambapo majirani hawaulizani habari.

Lakini nisiishie msituni. Wengi wenu hamtaitwa msituni kamwe. Mtaitwa mahali pa karibu zaidi, na mfano ninaoufikiria ni hawe yako, yaani bibi yako.

Kaunti ya Kilifi imekuwa ikiua wazee wake. Hawe mwenye mvi, au tsawe, babu aliyebaki peke yake kwenye boma, mtoto wa jirani anaugua, mtu ananong'ona uchawi, na usiku vijana wanakuja na mapanga. Uchunguzi ukifanyika, mara nyingi chini ya uchawi unakuta shamba: mzee ana ekari, na wajukuu wana mnunuzi. Godoma huko Ganze kumewekwa makao ya kuwahifadhi wazee waliokimbia watu wa damu yao. Sasa niambie: Jumapili kijana yuko kwaya, anaimba sauti ya tatu, na anajua kikao cha ukoo kilikaa Alhamisi kumjadili hawe. Ufuasi unamdai nini? Simwoni akidaiwa kufunga siku 40. Anadaiwa asimame kwenye kikao kile, mbele ya baba zake wakubwa, aseme hapana, hawe si mchawi, na shamba haliuzwi. Atatukanwa. Atanyimwa urithi. Wakija usiku wanaweza kumkuta yeye mlangoni. Yale maneno makali ya Luka 14 juu ya kumweka Yesu mbele ya baba na mama, hapo yanapata maana yake bila mtoto yeyote kufa njaa: ni kuwakatalia jamaa zako uovu, ukiwa bado unawapenda na bado unakula nao sima.

Wachungaji nao wamo. Mhubiri anayemtazama mshirika machoni na kumtabiria kwamba maradhi yake yanatoka kwa bibi mzaa baba, ameshika kipini cha panga hata kama hajui. Laiti makanisa yetu yangekuwa na kanuni moja tu ya nidhamu, ningeomba iwe hiyo: ukimtaja mtu kuwa mchawi madhabahuni, hupandi tena madhabahuni.

Limebaki moja, na ni gumu kuliko yote niliyosema. Baadhi ya waliotolewa Shakahola walikuwa hai na hawakutaka kula. Juni 2023 watu 65 kati yao walipelekwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu waligoma kula katika kituo cha kuwaokoa. Tume ya haki za binadamu ililalamika kwamba hao ni wagonjwa wa kutunzwa, nami nakubaliana nayo. Wengi sasa wamerudi vijijini, au watarudi. Wamo akina mama waliowapoteza watoto wao wote, na kijiji kinajua kwa nini. Watoto walionusurika wako kwa shangazi na kwa bibi. Na wako waliokufa ambao hawajatambuliwa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilifungua meza Malindi, zaidi ya watu 600 wakaripotiwa kupotea. Miili ya kwanza ilikabidhiwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, kwa sababu jamaa lazima watoe sampuli za vinasaba zilinganishwe, na wengine hawakujitokeza. Aibu inawazuia. Wanaogopa kuonekana pale hospitali ya Malindi.

Kwa hiyo kama kanisani kwako kuna familia ambayo shemeji yao au binti yao alikwenda upande ule asirudi, mfuateni mmoja wao nyumbani, msingoje aje. Nendeni naye hospitali wawili au watatu, mpande matatu pamoja, mketi naye kwenye benchi mpaka zamu yake ifike. Nauli mchangiane. Na kama aliyerudi ni mama mwenyewe, na Jumapili akaja akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, sijui mtamwambia nini. Pengine msimwambie kitu siku ya kwanza. Lakini chai ikitolewa baada ya ibada, apewe na yeye, na aliyempa abaki hapo akae naye anywe.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia mirathi na wajane, maana barua zenu juu ya hilo zimejaa mezani.